Kwaya Isiyosema Amina

Harborne, Birmingham
17 Oktoba 1971

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umesimama, si kitandani, na kile kifua kimekuachia kidogo. Mimi sijambo, ila baridi imeanza na sista wa wodi yetu amerudi kutoka likizo na kisirani chake chote. Kwa hiyo afya ninayo lakini raha sina. Mama mwambie nakula.

Uliniuliza kama watu wa huku wanaimba. Jumamosi nimekwenda kuwasikia. Roselyne, yule Mkisii ninayekaa naye chumba kimoja, alipewa tiketi mbili na daktari mmoja mwenye akili za kutokwenda mwenyewe. Kwaya imetoka Finland, huko juu kwenye barafu. Tena si kwaya ya kanisa. Hao kuimba ndiyo kazi yao. Wanaamka asubuhi wanakwenda kuimba, na mwisho wa mwezi wanapewa mshahara, sawasawa na mimi ninayesafisha vidonda.

Walitoka wamevaa nguo nyeusi, wanaume kwa wanawake, nikadhani wamefiwa. Mwalimu wao, Bwana Lehtola, mtu mrefu asiyecheka, akainua mkono. Tukangoja. Mwanamke mmoja akasema "sss". Wa pili naye "sss". Mwishowe wote wakawa "sss", na mzee mmoja karibu yangu akafumba macho kwa utamu. Halafu wakaanza kuimba, lakini kila mtu na noti yake, zote zimebanana, hakuna anayekubaliana na mwenziwe. Niliitafuta do, Baba, ile noti ambayo wimbo wote unaiegemea. Niliitafuta chini, nikaitafuta juu, na kwa besi nikaenda kuipigia hodi. Hamna do humo.

Na wimbo haukwisha. Waliuacha tu njiani, wakanyamaza, wakatutazama. Roselyne akanifinya akauliza, "Wamesahau?" Kumbe ndio mwisho wenyewe. Watu wakapiga makofi mpaka nikaona haya kwa niaba yao. Ati huo ndio muziki wa kisasa, waliotunga wako hai bado. Basi ningekuwa mimi ningejificha.

Wasalimie alto wenzangu wa kwaya yako. Waambie mimi ndiye pekee niliyewahi kulala usingizi macho wazi.

Bintiyo,
Gertrude


Frere Town, Mombasa
9 Novemba 1971

Mwanangu Gertrude,

Marahaba. Kifua kipo nami nipo, tumezoeana. Mamako anakusalimu na haamini kwamba unakula.

Barua yako nimeisomea kwaya nzima siku ya Alhamisi badala ya mazoezi. Nikawaamuru wafanye hiyo "sss", na waliifanya vizuri kuwapita hao Wafini, bila mshahara. Mzee Khatib wa nyumba ya pili akaja mlangoni na bakora, akauliza nyoka ameingilia wapi. Tumecheka mpaka nikakohoa, na nilipokohoa ndipo walipoacha.

Hebu niambie, mtu analipwaje kwa kufungua mdomo? Hapa anayechelewa analeta sukari ya chai, basi. Kuimba kusiko na do ni kelele za watu waliovaa nguo safi. Lakini kilichonikera hasa ni huko kuuacha wimbo njiani. Sisi tangu enzi za babu yako, wimbo wowote ukiisha, alto wanaanza Amina peke yao na wengine wanaingia. Iwe mazoezini, iwe tumemwimbia mkuu wa wilaya. Mtu akitoka nje kabla ya Amina namrudisha, hata kama ni mchumba wa mtu. Hao wanawapeleka watu nyumbani na wimbo umewakwama kooni, na bado wanapigiwa makofi. Sina hamu nao.

Sasa nisikilize. Mkataba wako unaisha Mei mwaka wa sabini na tatu. Ukiisha, urudi. Pumzi yangu haifiki tena mwisho wa mstari. Walter wa sauti ya tena, ile ya wanaume ya juu, anaitaka fimbo hii ya kuongozea kwaya, na Walter akishika wimbo unashuka. Wewe ndiwe niliyekushikisha noti tangu u mtoto. Nakupa do, nawaambia wenzako wakuimbie noti za uongo masikioni, naenda zangu kisimani kuchota maji, narudi, nakukuta uko pale pale. Hilo halifundishwi mtu mzima. Kwaya nakuwekea wewe, sina mwingine.

Niandikie zaidi habari za hao Wafini. Wanatusaidia kupitisha jioni.

Babako


Harborne, Birmingham
20 Machi 1972

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimekawia kuandika, na haikuwa ugonjwa. Nilikuwa na neno na sikujua nilianze wapi. Nyote natumaini hamjambo, na Mama ameacha kunihesabia chakula.

Wafini wamerudi. Chuo kikuu cha hapa kimewaita tena, na wanafanya mazoezi katika ukumbi mmoja karibu na bweni letu la manesi. Mmoja wao, mwanamke wa alto aitwaye Marjatta, akaletwa wodini kwetu kukatwa kidole tumbo. Siku ya pili tu, hata kukaa sawa hawezi, akaanza kushika noti moja kitandani, ndefu, bila maneno. Mimi natandika kitanda cha jirani. Nikasema moyoni, huyu nitamwangusha. Nikamwimbia noti ya ubavuni, ile iliyo karibu kabisa, kama ulivyokuwa ukiwatuma wenzangu kwangu. Sikufanya kwa wema, Baba. Nilimdharau.

Hakuanguka. Alicheka, akashika mshono, akanirudishia yake ya uongo. Na mimi sikuanguka. Tukawa tunafanya hivyo kila nikiingia zamu, na bibi wa kitanda cha dirishani akatushtaki kwa sista.

Bwana Lehtola akaja kumtazama mgonjwa, akatukuta. Akaniuliza nimefundishwa chuo gani. Nikamwambia Frere Town. Akaandika, nadhani anaitafuta kwenye ramani ya Ulaya. Siku iliyofuata akaniomba nisimame mahali pa Marjatta mpaka apone.

Nimekubali. Usinitukane kabla hujamaliza kusoma. Noti zao sizijui kuzisoma, zile za mistari na vichwa vyeusi, kwa hiyo Marjatta ananiimbia na mimi naandika kwa solfa yako, ile ya do, re, mi. Do hawana, nimejiwekea yangu mwenyewe na sikumwambia mtu iko wapi. Bado ni upuuzi mwingi. Kuna ukurasa tunapumua tu. Lakini ukiwa ndani yake, noti yako na ya jirani zinasuguana mpaka meno yanakuwasha, na ukiteleza wewe mmoja jengo lote linakwenda. Katika nyimbo zote ulizonipa za alto, sijawahi kupewa kazi kubwa hivi. Samahani, lakini ni kweli.

Bintiyo,
Gertrude


Frere Town
14 Aprili 1972

Gertrude,

Sote wazima.

Barua hii sikuisomea kwaya. Waliniuliza, nikasema posta imepotea.

Kwa hiyo nyimbo za baba yako zilikuwa kazi ndogo. Vizuri, nimesikia. Miaka yote nakwenda kisimani na kurudi ili uweze kushika wimbo, wewe umekwenda kushika hewa, ubavuni mwa watu wanaopumua kwa mshahara. Ningejua ningechota maji yangu polepole.

Mgonjwa akipona, mrudishie nafasi yake na mkono unawe.

Babako


Harborne, Birmingham
2 Julai 1972

Baba mpendwa,

Shikamoo. Najua umenuna, lakini nina habari itakayokuondolea kununa. Hatujambo hapa, jua limetoka na Waingereza wamelala kwenye nyasi wakijichoma kwa makusudi.

Marjatta alipona akarudi, na Bwana Lehtola akanibakiza, niwe naimba nao kila wanapokuja Birmingham, siku zangu za mapumziko. Jumamosi iliyopita tulikuwa na onyesho kubwa. Wimbo wa mwisho ni ule mrefu unaoachwa njiani, wa kwanza kabisa niliokusimulia. Niliushika, Baba. Kulia kwangu wananisukuma, kushoto wananisukuma, nami nipo. Ukafifia, ukafifia, tukanyamaza. Ukumbi mzima kimya.

Nikaanza Amina.

Sikukusudia. Mdomo ulijiendea wenyewe. Wimbo umekwisha, mimi ni alto, niliyaona macho yako pale mlangoni unamrudisha mtu. Nikaianza peke yangu kwa nguvu zangu zote, na hakuna aliyeingia. Nikawa sina pa kuishia isipokuwa kuimaliza mwenyewe. Mtu mmoja kule nyuma akacheka. Nikajua nimekufa, nikaanza kupanga nitakavyomwambia Roselyne. Mara makofi, na hayakuisha upesi.

Kule tunakobadilishia nguo Bwana Lehtola akanijia. Nikafungua mdomo niombe radhi, akaniambia, "Kesho tena. Vilevile. Kimya, halafu Amina." Ameiandika kwa penseli kwenye karatasi za wote. Ati inaumaliza wimbo kwa namna ambayo mtungaji hakuiota.

Umeona? Nimewatilia Amina Wafini, na jioni zilizofuata nikairudia. Nilidhani utafurahi.

Bintiyo,
Gertrude


Frere Town
30 Julai 1972

Gertrude,

Marahaba. Tunaendelea.

Ulidhani nitafurahi. Mara ya kwanza ulikosea, na kosa hilo nalijua lilikotoka, sikulaumu. Ya pili je? Ya tatu? Amina ni kukubali. Wewe ulikubali nini, "sss"? Mungu akikuuliza siku hiyo, "Gertrude, uliniambia na iwe hivyo, iwe nini?" utamwonyesha karatasi ya Bwana Lehtola yenye penseli?

Mtu huyo amesikia jambo la watu akalitia mfukoni, kama mgeni anayeondoka na kijiko cha hoteli. Na wewe umemshikia koti. Kwake Amina ni mlio tu, ni kengele ya kuwaamsha wale waliolala. Ninamdharau, na sijui kama nina dharau ya kutosha kuwagawia nyote wawili, lakini najitahidi.

Usiiseme tena mbele yao. Nasema hivyo kama baba na kama mwalimu. Ukishindwa kunyamaza, kaa huko huko. Fimbo nitampa Walter, na siku atakapozishusha nyimbo zetu zote mpaka sakafuni, ujue ni kwa ajili yako.

Babako


Harborne, Birmingham
14 Januari 1973

Baba,

Shikamoo. Natumaini mwaka mpya umeanza vyema na kifua kimepoa. Mama amemwandikia Roselyne kisirisiri, kwa hiyo najua kwamba unakohoa damu na hutaki kwenda hospitali. Nenda. Mimi ni nesi, nakwambia nenda.

Nimekaa muda huu wote bila kukuandikia kwa sababu kila nikianza naandika matusi. Sasa yameisha, au yamechoka. Sikukutii. Wafini walikuja Oktoba na Amina niliisema kila jioni. Katika kwaya ile nzima hilo ndilo neno langu pekee. Mengine yote ni ya kwao, na nayaimba kwa solfa ya kuibia.

Jumapili ya tarehe 11 Machi wataimba hapa mchana, na redio ya London itatangaza palepale, pamoja na masafa mafupi. Kwenu itakuwa saa kumi na moja na nusu jioni. Ule wimbo ndio wa mwisho. Nakuomba unisikilize mara moja tu, wewe na masikio yako, si barua. Ukishasikia, nitukane utakavyo, nitayabeba. Na Mei narudi kuishika kwaya, kama ulivyotaka. Sitaki kuirudia huku hujanisikia.

Bintiyo,
Gertrude


Frere Town
6 Februari 1973

Gertrude,

Redio sina, na ningekuwa nayo nisingeifungua. Ukiitamka Amina ile hewani, Pwani nzima isikie binti yangu anavyoitembeza, usirudi. Wala Mei, wala mwezi mwingine.

Babako


Harborne, Birmingham
12 Machi 1973

Baba,

Shikamoo. Afya yako sitaiuliza, utaniambia mwenyewe ukitaka, au Mama atamwambia Roselyne.

Nimenyamaza.

Jana wimbo ulififia kama kawaida yake, tukafika kwenye kimya. Bwana Lehtola akanigeukia, akaninyooshea kidole. Nikamtazama. Nyusi zikampanda. Mitambo ya redio ilikuwa mbele yangu, na mimi nimefunga mdomo, nimeshika kimya kama ulivyonifundisha kushika noti, wakinisukuma kulia na kushoto. Marjatta alinigusa kiwiko. Sikuanguka.

Hakunipigia kelele. Kule nyuma alivaa glavu zake moja moja, akaniambia kwa adabu kabisa kwamba kwaya haina haja nami tena, na asante kwa mlio wangu mzuri. Mlio, Baba. Ulisema kweli kuhusu yeye. Nimekupa hilo, lichukue.

Lakini mkikutana, wewe na yeye mtapendana sana. Yeye ananitaka niseme kwa kuwa ameandika. Wewe unanitaka ninyamaze kwa kuwa umeamua. Nyote mnapenda alto anayebaki pale alipowekwa, na mmoja wenu angalau hakusema anafanya kwa ajili ya Mungu. Hakuna aliyeniuliza mara ile ya kwanza nilikuwa nikifanya nini. Nilikuwa naomba. Nilikuwa nimemaliza wimbo mgumu kuliko wote niliowahi kuimba, sikuanguka, nikamshukuru Mungu kwa njia pekee niliyofundishwa. Wewe ukaiita kijiko cha hoteli.

Ulisema nisipotamka nirudi. Sirudi. Leo asubuhi nimetia sahihi mkataba mwingine, hospitali nyingine upande wa Small Heath, na sitaimba huko wala kwako wala popote. Fimbo mpe Walter. Roselyne ameniambia niilaze barua hii mpaka hasira zipoe. Naipeleka posta sasa hivi.

Gertrude


Frere Town
12 Machi 1973

Mwanangu Gertrude,

Unaendeleaje, mama? Baridi imepungua huko? Mimi nimekwenda hospitali, usimwambie mamako kwamba umenishinda. Wamenipa sindano, na nesi alinitukana vizuri, nikakukumbuka.

Jana nilikwenda dukani kwa Manubhai kuazima redio. Najua nilichosema. Nilisema mengi. Sikumwalika mtu, lakini Manubhai hana siri, na ilipofika saa kumi na moja sebule imejaa, kwaya nzima, wengine wamekaa dirishani, na Mzee Khatib kwenye kiti changu.

Kelele ni kelele, sibadilishi neno. Walipoanza kile kipumuo chao Walter alicheka nikamtoa nje. Lakini walipoanza kubanana, nilikutafuta. Ilinichukua muda. Halafu nikakusikia, katikati, chini kidogo, wanakusukuma huku na huku na wewe uko pale pale. Nikawaambia, "Huyo." Wakasema hawasikii. Masikio yao hayana kazi. Mimi nilikusikia, Gertrude, nikaona haya kwa yale niliyoandika kuhusu hewa. Huwa siandiki maneno kama haya, kwa hiyo yasome mara moja upite.

Wimbo ukaisha. Hakuna aliyejongea. Wote wakanigeukia mimi, na mamako amejiziba mdomo kwa kanga. Tunangoja alto. Nilisema moyoni, sasa atanikaidi, huyu namjua, katoka kwangu. Nikakaa tayari kuingia. Nilikuwa nimevuta pumzi, mwanangu, ile ndogo niliyobakiwa nayo, na kwaya yote imevuta.

Mzungu wa redio akaanza kusema mambo yake.

Walter akataka kuianza kutoka kule nje, nikamkemea, si kazi ya sauti ya tena. Tukakaa. Mwisho watu wakachukua viatu vyao wakaenda makwao bila Amina, na sikumrudisha hata mmoja.

Umeninyamazia kwa nini? Nilikukataza, ndiyo. Nimekukataza kwenda Ulaya ukaenda. Nimekukataza kuimba nao ukaimba. Tangu lini wewe unanitii?

Njoo nyumbani. Walter nimekwisha kumwambia, amenuna. Mei tutakuja wote uwanja wa ndege, alto mbele, na tutaimba ukishuka ngazi. Amina nimewakataza kuianza. Tutakungoja wewe.

Babako